Tamthilia za Asia na watu wake: maswali ninayoulizwa tena na tena

Kwa miaka sita nilikaa kaunta ya duka la kukodisha CD mjini Morogoro, mwendo mfupi kutoka stendi ya Msamvu. Mteja alichukua diski Ijumaa, Jumatatu akairudisha pamoja na swali. Duka lilishafungwa na watu siku hizi wanajaza muvi kwenye flashi au wanatazama kwenye simu, lakini maswali ni yaleyale. Nayakuta saluni, nayakuta msibani, nayakuta kwenye daladala. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu yangu, ambayo ni maoni ya mtazamaji tu, ila mtazamaji aliyetazama sana.

## Kwa anayeanza

Sijawahi kutazama hata moja. Nianze na ipi?

Niambie kwanza unapenda nini. Kama unapenda hadithi ya mtu anayepanda kutoka chini kwa akili na mikono yake, chukua *Dae Jang Geum*, ambayo wengi tunaijua kama *Jewel in the Palace*: sehemu 54, ilitengenezwa na kituo cha MBC cha Korea Kusini mwaka 2003 hadi 2004. Kama unataka mapanga na kiti cha enzi, *Jumong*, sehemu 81. Kama huna muda na unataka mapenzi, *Crash Landing on You* ya 2019 hadi 2020, sehemu 16, ambapo tajiri wa kike wa Korea Kusini anachukuliwa na kimbunga na kuangukia upande wa Kaskazini, mikononi mwa mwanajeshi. (Ndiyo, Hyun Bin na Son Ye-jin walioana kweli, mwaka 2022.) Kama unapenda maisha ya mtaa, majirani wanaopelekeana sahani za chakula, *Reply 1988*.

Onyo moja: usihukumu kwa sehemu mbili za kwanza. Jumong mwenyewe anaanza akiwa mwoga, mvivu, anayechekwa na kaka zake. Wateja kadhaa walinirudishia diski ya kwanza wakisema steringi gani huyu. Wiki ya pili walikuja mbio kutafuta diski ya tatu.

Kwa nini za Kikorea huisha haraka na nyingine hazimaliziki?

Ni ratiba ya televisheni ya kila nchi. Korea tamthilia ya kawaida hurushwa mara mbili kwa wiki, kila sehemu kama saa nzima, na sehemu 16 zinatosha miezi miwili. Zile za kihistoria hupewa nafasi kubwa, sehemu 50 na zaidi. Japani hurusha mara moja kwa wiki, sehemu kumi au kumi na moja, ingawa *Oshin* ya NHK ya mwaka 1983 ilikuwa ya dakika 15 kila asubuhi ikafika sehemu 297. China walizoea 60 au 70, mpaka mwaka 2020 mamlaka ya utangazaji ikahimiza zisizidi 40. Ufilipino hurusha kila siku ya kazi, na ikipendwa wanaiongeza.

Kwa nini mfalme na wanawe wanaitwa "mama"?

Hili ndilo swali lililoongoza dukani, na nalipenda. Mtu anasikia walinzi wenye ndevu wanamwinamia mwana wa mfalme na kutamka "mama", anadhani masikio yamemdanganya. Ni neno la Kikorea la heshima kwa watu wa ukoo wa kifalme, linalofuata cheo: malkia ni *jungjeon mama*, na mtoto wa mfalme humwita baba yake *abamama*. Mfalme vilevile huitwa *jeonha*. Mama aliyekuzaa ni *eomma*, au *eomeoni* kwa adabu zaidi. Ni sadfa ya sauti tu.

"Oppa" ni kaka au mpenzi?

Vyote viwili. Msichana humwita hivyo kaka aliyemzidi umri, na pia kijana wa karibu aliyemzidi, mpenzi akiwemo. Mvulana kwa kaka mkubwa husema *hyung*, kwa dada mkubwa *noona*. Msichana kwa dada mkubwa husema *unnie*. Kwetu mke hamwiti mumewe kaka, ndiyo maana tafsiri nyingi hukwama hapo.

Lakini sikiliza wanawake wa *Reply 1988* wanavyoitana mtaani: mama wa fulani, kwa jina la mtoto. Hapo hatuhitaji mkalimani. Ni Mama Asha na Mama Juma, barazani, wanachambua mboga.

## Sauti na tafsiri

Nitazame iliyotafsiriwa Kiswahili au yenye maandishi chini?

Kama unatazama na bibi, au na mtu asiyesoma haraka, chukua ya Kiswahili bila kuwaza. Tamthilia ni ya sebule nzima, haifai mmoja afurahie na wengine wakodoe macho.

Ila tofautisha. Kuna iliyoingizwa sauti, kila mhusika na msemaji wake, na kuna ile ya mkalimani mmoja anayesimulia juu ya picha kama tulivyozoea kwenye vibanda umiza. Nimewaheshimu sana wale wakalimani, bila wao nusu ya wateja wangu wasingemjua Jumong. Kasoro ni moja: mkalimani haogopi kitu kama ukimya. Mhusika akinyamaza, yeye anaujaza ukimya kwa maneno yake. Na Wakorea huweka mambo mazito palepale mtu anaponyamaza. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: tazama ya mkalimani na wenzako, kisha sehemu iliyokugusa irudie peke yako kwa sauti yake ya asili, hata kama huelewi neno.

Ile ya Kichina ya Doudou ndiyo ya kwanza kusema Kiswahili? Na kwa nini mama wakwe wengi?

Ndiyo, *Doudou na Mama Wakwe Zake* ndiyo tamthilia ya kwanza ya Kichina kuingizwa sauti za Kiswahili. Ilirushwa TBC mwaka 2011, sehemu 36, na ilisikika kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Baadaye StarTimes wakaanza mashindano ya kutafuta vipaji vya sauti Tanzania, na washindi wakaenda Beijing kufanya kazi hiyo.

Mama wakwe ni wengi kwa sababu wazazi wa mumewe, Yu Wei, waliachana na baba akaoa tena. Kwa hiyo Mao Doudou, muuguzi wa Beijing, ana mkwe aliyemzaa mume na mkwe aliyeolewa na baba, na hao wawili hawaivi chungu kimoja. Ninachompendea Doudou ni kwamba hashindi kwa kelele. Anamwendea mkwe mmoja, anasikiliza, anaondoka na lawama za mwingine moyoni bila kuzifikisha. Wanawake wa mtaani kwangu walisema huyu kaandikwa na mtu aliyeishi kwa wakwe. Ikulu na mapanga hayakuhitajika, meza ya chakula ilitosha.

## Wahusika: hapa ndipo tunapogombana

Jumong alimkosea So Seo-no?

Ndiyo. Nimebishaniwa sana na wanaume kwa jibu hili na sijalibadilisha.

Kumbuka yule binti ni nani. Ni mtoto wa Yeon Ta-bal, mfanyabiashara mkubwa, aliyekulia kwenye misafara ya biashara na anayejua bei ya kila kitu. Anampenda Jumong wakati Jumong hana kitu. Anapoambiwa Jumong amekufa, na Daeso, kaka mkubwa wa Jumong, anamtaka kwa nguvu, anaolewa na Wu-tae kuokoa watu wake. Wu-tae anafariki. Jumong anarudi. So Seo-no anatoa mali, askari na jina la ukoo wake ili ufalme mpya wa Goguryeo usimame, na anakuwa malkia. Kisha Yesoya, mke ambaye Jumong alidhani amekufa, anarudi na mtoto Yuri.

Watetezi wa Jumong wanasema hakukusudia, na ni kweli. Yesoya naye hana kosa hata moja, aliteseka kuliko wote. Lakini tazama nani anaondoka. So Seo-no haombi haki yake. Anaona wanawe, Biryu na Onjo, watagombana na Yuri, na nchi aliyoijenga itapasuka. Anafunga mizigo na kuelekea kusini. Masimulizi ya Korea yanasema Onjo ndiye aliyeanzisha ufalme wa Baekje. Mwanamke mmoja, falme mbili, na tamthilia inaitwa *Jumong*.

Tangu hapo nina kipimo changu: steringi namwacha kwanza, naangalia tamthilia inamtendeaje mtu aliyesimama pembeni yake. *Jumong* inamtendea So Seo-no vizuri, hata kama Jumong mwenyewe hakuweza. Inampa muda wa kuondoka kwa heshima, na kamera inakaa usoni mwake. Ndiyo maana miaka yote hii bado tunabishana.

Nani adui bora kuliko wote?

Mishil, kwenye *Queen Seondeok* ya 2009, aliyeigizwa na Go Hyun-jung. Anayemfuata yuko mbali.

Maadui wengi hupiga kelele. Mishil anainua unyusi mmoja na watu wazima wanatetemeka. Nguvu yake ni maarifa: ana watu wanaosoma nyota na kalenda, anajua mvua na kupatwa kwa jua, na anawaaminisha wananchi kwamba mbingu inazungumza naye. Deokman, binti wa mfalme anayekuja kuwa Malkia Seondeok, anamshinda kwa silaha hiyohiyo, kisha anafanya jambo ambalo Mishil hawezi kulielewa: anaamua kujenga mnara wa kutazama nyota ili elimu ya majira iwe ya kila mtu. Mishil anamwambia watu hawautaki ukweli, unawachosha, wanachotaka ni kuamini. Wanawake wawili wamesimama wanabishana kuhusu mkulima na msimu wa kupanda, na hakuna upanga uliochomolewa. Mnara wenyewe, Cheomseongdae, upo hadi leo mjini Gyeongju.

Jambo linalomuuma Mishil siyo kushindwa. Ni kugundua kwamba maisha yake yote alitaka kuwa mke wa mfalme, na haikumjia ndotoni kuwa mfalme yeye mwenyewe, mpaka binti mdogo alipolisema kwa sauti. Anafariki sehemu ya 50 kati ya 62, na zile 12 zinazobaki utamtafuta kila chumba cha ikulu.

Jang-geum si mwema kupita kiasi?

Wengi wanasema hivyo, na kwa sehemu za katikati nawaelewa. Lakini wema wake umefundishwa, hakuzaliwa nao.

Kuna tukio moja akiwa mtoto jikoni ikulu. Mwalimu wake, Bi Han, anamtuma maji ya kunywa. Analeta, yanakataliwa. Ya moto, yanakataliwa. Ya baridi, yanakataliwa. Anaelesha jani juu, bado. Siku zinapita. Mwishowe mtoto anakumbuka mama yake alivyokuwa, anamuuliza mwalimu: tumbo linauma? Umepata choo? Koo je? Anaambiwa, kisha analeta maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo na kumwomba anywe polepole. Bi Han anayapokea. Somo lilikuwa kwamba maji ni chakula, na chakula huanza kwa kumuuliza anayekula.

Msichana aliyefundwa hivyo hawezi kuwa daktari mwingine zaidi ya yule tuliyemwona. Na anachukia, msidanganyike. Bi Han anapokufa mgongoni mwake wakiwa njiani kupelekwa uhamishoni kisiwa cha Jeju, ile hasira inambeba miaka mizima.

Kwa nini kijana wa pili hampati msichana, na ndiye mzuri?

Mara nyingi mzuri, lakini mchelewaji. Jibu kamili limo ndani ya *Reply 1988*. Jung-hwan anampenda Deok-sun kimya kimya tangu shule. Siku ya tamasha anaendesha gari kwenda kumwambia, taa nyekundu zinamsimamisha, anafika na Taek, rafiki yake anayempenda msichana huyohuyo, ameshafika. Angeweza kulaumu taa. Anakiri mwenyewe kwamba hazikuwa taa, ni yeye aliyesita mara nyingi mno, na Taek aliacha kila kitu akaja. Nililia, lakini sikumwonea Taek kijicho.

Yoon Ji-hoo wa *Boys Over Flowers* ni kesi nyingine. Yule alipaswa kuchaguliwa.

Gu Jun-pyo wa *Boys Over Flowers* ni mpenzi au mnyanyasaji?

Mwanzoni ni mnyanyasaji, na nasema hivyo nikijua Lee Min-ho, aliyemwigiza, alivyopendwa. Anamwekea mwenzake kadi nyekundu, shule nzima inamwandama. Geum Jan-di, mtoto wa dobi, anampiga teke, na hapo ndipo anapendwa. Hadithi yenyewe ilitoka katuni ya Kijapani, ikaigizwa Taiwan mwaka 2001 kama *Meteor Garden*, Japani 2005, Korea 2009, kisha China na Thailand. Kila toleo jipya linampunguzia ukatili kidogo, nami naona ni dalili njema.

Yale mambo ya kumvuta msichana kwa kifundo cha mkono sikuyapenda, na hata Korea yamepungua. Binti zangu niliwaambia tukiwa tunatazama: anayekupenda anakuita, hakuburuti.

Mhusika gani amekuumiza zaidi?

Wawili. Wa kwanza ni Deok-sun wa *Reply 1988*, mtoto wa katikati. Mama ana mayai mawili ya kukaanga: moja la dada, moja la mdogo wa kiume, yeye anasema hataki, anapenda maharage. Siku ya kuzaliwa anaunganishwa keki na dada yake tena, ndipo anapasuka: kwa nini mimi sipati yai? Baba yake anakuja usiku na keki ndogo, anamwomba msamaha, kwamba hakuzaliwa akiwa baba, naye ndiyo mara yake ya kwanza.

Wa pili ni Ali wa *Squid Game*, Mpakistani aliyekwenda Korea kutafuta riziki na bosi akamnyima mshahara. Anamwita Sang-woo, mchezaji mwenzake, "bosi", Sang-woo anamwambia niite *hyung*, kaka. Kwenye mchezo wa gololi, ambao anayeshindwa huuawa, huyo kaka anambadilishia kifuko, anamwachia vijiwe. Ali anafungua, anatazama kiganja. Rafiki yangu aliyefanya kazi za ndani Muscat alinyanyuka akazima televisheni. Hakuhitaji kuambiwa kwa nini kijana yule aliamini haraka hivyo. Ugenini neno "kaka" lina thamani ya chakula.

## Maswali ya pembeni

Hizi za kihistoria ni za kweli?

Nusu nusu. Jumong wa masimulizi ya kale alitoka kwenye yai. Tamthilia imeliondoa yai. Jang-geum ametajwa kwenye kumbukumbu za ufalme wa Joseon kama tabibu wa Mfalme Jungjong, lakini kwa mistari michache, mambo ya jikoni yamebuniwa. Malkia Seondeok alitawala ufalme wa Silla kweli, kuanzia 632 hadi 647. Mishil anatokea kwenye andiko moja tu, ambalo wanahistoria wanabishania uhalali wake. Mimi hainisumbui. (Kwa nini Mishil ni muhimu, rudi kwenye swali la adui bora.)

Za Kifilipino na Kituruki nazo ni za Asia?

Ufilipino ni Asia, hakuna mjadala, na kwa umri wangu ndizo zilizotufungulia mlango. *Pangako Sa'yo*, tuliyoiita *The Promise*, yenye Yna na Angelo. Ila kwa kipimo changu (soma jibu la So Seo-no), mwenye tamthilia ni Amor Powers: mtumishi wa ndani aliyefukuzwa na kurudi tajiri kulipiza kisasi, bila kujua Yna anayemuumiza ni mwanawe. Za Kituruki nazitazama, lakini mwendo wake ni mwingine na zinastahili ukurasa wao.

Naweza kutazama na watoto?

*Jang Geum* na *Reply 1988*, ndiyo. *Squid Game* hapana, ina damu nyingi, hata kama michezo yake ni ya watoto. Nyingine tangulia wewe.

Ile diski ya pili ya Jumong iliyokuwa inakwama, kilitokea nini pale?

Bado naulizwa, na nawaomba radhi wote walioichukua. Ilikuwa na mkwaruzo, picha ikaganda kwa yule mfungwa kipofu, kisha ikarukia mbele.

Kilichotokea ni hiki. Yule kipofu ni Hae Mo-su, shujaa aliyepofushwa na kufungwa pangoni miaka ishirini, na Jumong ndiye aliyemkuta mle alipokwenda kujifunza mapigano. Kipofu anamfundisha upanga kwa kusikiliza. Anamkosoa anavyokanyaga, anavyopumua. Jumong anamwita mwalimu. Wana wa mfalme, Daeso na Yeongpo, wanapanga mauaji, na Hae Mo-su anakufa akipigana na watu asiowaona. Jumong anamlilia kama mwalimu tu. Kwamba ni baba yake mzazi anakuja kuambiwa baadaye, ameshamzika.

Ukiipata nzima, itazame bila mkalimani.